Wasifu wa marehemu haukutaja cherehani

Wasifu wa Mamdogo ulisomwa kanisani kwa dakika saba. Najua ni saba kwa sababu mimi ndiye niliyeusoma, na mjomba alishanionya nisivuke kumi, mvua ilikuwa inakuja. Kuzaliwa, kubatizwa, darasa la saba, ndoa: mistari sita. Halafu ikaanza, "Marehemu alianza kusumbuliwa na maradhi...", na kutoka hapo tukazunguka hospitali moja hadi nyingine, rufaa juu ya rufaa, mpaka "madaktari walijitahidi kadiri ya uwezo wao lakini Mungu alimpenda zaidi." Karatasi mbili, moja na nusu ni kuugua. Na huko kuugua kote hakukutajwa alikuwa anaumwa nini.

Tuliuandika sisi wenyewe, usiku, sebuleni, macho mekundu, mtu mmoja anatoa imla na mwingine anaandika. Ila tangu siku ile mwaka 2019 nimekuwa nikisema, na leo naandika: tulifanya kinyume. Alipokuwa hai tulificha jina la ugonjwa, wakati kulitaja kungemfaa mtu. Alipokufa tukayaruka maisha yake ili tuusimulie ugonjwa uleule tuliouficha.

Basi ugonjwa kwanza, niumalize. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Nyumbani tuliiita "uvimbe", au "yale matatizo ya kina mama", na alipopewa rufaa kwenda Dar ikaitwa "Ocean Road", kana kwamba barabara nayo inaua. Ocean Road ni hospitali ya tangu enzi za Wajerumani, inatazama bahari, na tangu 1996 ni taasisi ya saratani inayojitegemea. Kwetu Muheza ukisema fulani kapelekwa Ocean Road, watu wanashusha sauti. Mamdogo alipigwa mionzi pale siku tano kwa wiki, wiki tano, akifikia kwa ndugu Mbagala na kugombania daladala kama mtu mzima wa afya. Kabla ya hapo alikaa karibu mwaka akitokwa damu, ilhali hedhi yake ilishakatika zamani. Zahanati moja ilimpa dawa za yutiai mara tatu bila mtu kumtazama ndani. Yeye naye alijisitiri. Angemwambia nani?

Kinachoniuma ni kwamba saratani hii haina haraka. Inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV, na tangu chembe za kwanza kuharibika mpaka iwe saratani kamili, mara nyingi hupita miaka kumi au zaidi. Muda wote huo nesi anaweza kupaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi, akatazama kwa macho, sehemu yenye kasoro ikabadilika kuwa nyeupe, na mara nyingi ikagandishwa au kuchomwa siku hiyohiyo. Siki! Mamdogo alikuwa nayo jikoni, chupa mbili, kwa ajili ya achari.

Aprili 2018 chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Mtaani wakasema inafunga kizazi. Wasichana hao ndio waliokuwa wakishonewa sare na Mamdogo, na mama zao walikaa barazani kwake wakibishana, wampeleke mtoto au wasimpeleke. Yeye alisharudi kutoka Ocean Road. Sentensi moja tu kutoka kwake ingemaliza ubishi ule, na alitaka kuisema. Mama mkubwa akamwambia, "Mambo ya ndani hayo, mdogo wangu, utajiaibisha." Nilikuwepo. Nikamuunga mkono mama mkubwa.

Najua watakaosema kumtaja marehemu ugonjwa wake, tena wa sehemu hiyo, ni kumvua nguo. Ningewaelewa kama kweli tungenyamaza. Lakini tulisoma hata chupa za damu alizoongezewa mbele ya kanisa zima! Mstari mmoja ungetosha: amefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Karatasi iliyobaki tungeliandika jambo jingine kabisa.

Tungeandika kwamba alikuwa fundi cherehani nyuma ya soko, na kwa kuwa alikuwa fundi, alikuwa mwongo: "njoo kesho" yake ilikuwa na siku nne ndani yake. Kwamba wateja walimjia juu, naye akawapoza kwa chungwa alilolimenya kwa wembe, ganda likatoka zima kama utepe, akalipaka chumvi na pilipili. Ukishakula chungwa la mtu utamgombezaje?

Sketi za shule alizikunja pindo la inchi tatu ndani, wakati wenzake walikunja moja. Kitambaa kiliishia humo, faida pia. Akimpima mtoto anasema, "Huyu atakua kabla baba yake hajapata mshahara." Mwaka uliofuata anafumua pindo, anashusha sketi, hatozi kitu. Kuna wasichana waliomaliza kidato cha nne na sketi moja.

Na alijua siri za mji mzima kwa futi. Mimba aliijua kabla ya mama mkwe. Alijua nani kaanza kukondeana na mume hayupo nyumbani, akanyamaza nayo, akapunguza kiuno, basi.

Vipimo vyote viliandikwa kwenye daftari la kaunta lenye jalada jekundu, ambalo sasa liko kwa binti aliyekuwa akimfundisha kazi. Bado watu wanakwenda na kitambaa wakisema, "Vyangu vimo humo." Mwaka jana nilimwomba binti anionyeshe. Kifua, kiuno, nyonga, urefu, jina la mtu. Kurasa za mwisho kuna mteja anayerudia mara nne, jina lake ni "mimi". Kiuno 38. Kiuno 35. Kiuno 31. Kiuno 28, na pembeni, kwa ule mwandiko wake wa kulalia upande: "usikate tena, tia lastiki."