Mbuzi wa Kilo Mia na Ishirini

Kwetu Ngamiani, Tanga, kukuna nazi hakuna maelezo: unakalia mbuzi, unaweka bakuli chini, kazi inaanza. Mimi nikataka mbuzi ya kukaliwa na jitu. Nilishaona picha ya kibanio cha nguo alichokisimamisha mchongaji Claes Oldenburg mwaka 1976 kule Philadelphia, Marekani, chuma kitupu, mita 13 na ushee. Kama kibanio kimepewa heshima hiyo, mbuzi imekosa nini?

Mbao nilizitoa kwenye mashua iliyooza, bado zinanuka samaki. Kile chuma cha mbele chenye meno, mimi nakiita ulimi, nilikikata kwenye pipa la mafuta, halafu meno nikayachonga kwa tupa, moja baada ya jingine, siku nne, mpaka viganja vikaota malengelenge. Pale miguu inapopishana nikapitisha kipande cha nondo. Urefu mita tatu.

Nikampigia simu mtu wa mkokoteni.

"Kaka, nina mbuzi, naipeleka Raskazone."

"Mkubwa?"

"Kama kilo mia na ishirini."

Kimya. "Shehe, huyo mnamlisha nini?"

Mtu wa Tanga angeshtuka nilivyosema *naipeleka*, maana ngeli tunazijua. Yeye hakushtuka. Akaja na shemeji yake mchoma mishikaki, kisu kimeshanolewa. Walipoiona, shemeji mtu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, kwa ustaarabu kabisa, "Inakalika?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini fundi akiulizwa mbele za watu! Nikakaza kikoi, nikapanda.

Sasa, mbuzi ya jikoni ukiikunjua kuna mahali miguu inakwama, haiendi zaidi. Ya kwangu nondo ilizunguka kwa raha zake, kizuizi sikuweka. Miguu ikatanuka taratibu, kama ng'ombe anayetaka kulala, kisha ikajibwaga chini kwa mkupuo. Mimi nikateleza kwenda mbele. Na mbele ndiko kwenye meno.

Kikoi kilibaki kule. Nilipelekwa zahanati kwa mkokoteni uleule, nimelala kifudifudi, nimefunikwa gunia, na nauli nikalipa.

Muuguzi alikuwa binti mgeni, lafudhi ya bara kabisa. Akafungua daftari.

"Pole, baba. Umeumizwa na nini?"

"Mbuzi."

"Amekupiga pembe?"

"Haina pembe. Niliikalia."

Akanitazama. "Ulimkalia mbuzi. Akakung'ata?"

"Siyo kung'ata. Niliteleza tu, nikaangukia ulimi."

"Ulimi ndio umekuchana paja hivi?"

"Ulimi una meno, binti yangu. Kumi na manane, nimeyachonga mwenyewe."

Akafunika kalamu, akainuka polepole bila kunipa mgongo, akaenda kumwita daktari.