Amana ya marehemu: Kant, Hegel na chimbuko la wajibu

Mtu amekuachia amana. Hamkuandikiana chochote. Sasa amefariki, na warithi wake hawajui kwamba fedha hizo zipo. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alilileta jambo hili mwaka 1788 katika kitabu chake cha uhakiki wa akili ya kimatendo, akalirudia mwaka 1793 katika makala ambamo alilifanya zito zaidi: mwenye kushika amana amefilisika bila kosa lake, mkewe na watoto wamo taabuni, na warithi ni matajiri wabadhirifu wasio na huruma. Hata hivyo, anasema Kant, mtoto wa miaka minane au tisa akielezwa kisa hiki atajua kwamba kuichukua ni dhuluma.

Kipimo chake kinaendeshwa hivi. Unaandika kanuni unayoifuata: nitaongeza mali yangu kwa kila njia isiyo na hatari. Kisha unaifanya sheria ya wote: kila mtu anaruhusiwa kukana amana isiyoweza kuthibitishwa. Halafu unatazama kinachotokea. Sheria hiyo inajiua yenyewe, kwa sababu hakuna atakayeweka amana tena. Wanafunzi wengi huteleza kwenye hatua ya kwanza. Ukiijaza kanuni majina, tarehe na hali zako binafsi, karibu kila kanuni itapita. Kwa hiyo iandike kwa nia uliyonayo kweli, bila vikolombwezo.

Hegel, mwanafalsafa Mjerumani wa kizazi kilichofuata, hakuridhika. Katika makala yake kuhusu sheria ya maumbile ya 1802 na 1803, iliyotoka katika jarida alilohariri na mwanafalsafa mwenzake Schelling katika mji wa Ujerumani wa Jena, aliuliza: amana zisipokuwepo, mgongano uko wapi? Dunia isiyo na amana haijipingi. Mgongano unaonekana pale tu unapokuwa umeshakubali kwamba mali ya mtu iwe mali yake. Basi kipimo kinakopa maudhui kutoka nje, kwa jamii ambayo tayari ina umiliki, mikataba na kuaminiana. Mwaka 1807, katika kitabu chake cha fenomenolojia ya roho, yaani jinsi roho inavyojidhihirisha, aliirudia amana ileile na kuongeza jambo linalouma: nikishaanza kuipima sheria ili nione kama inanifunga, nimeshaanza kutoka nje ya maadili.

Pingamizi hili lina nguvu, lakini nadhani limevuka mpaka. Christine Korsgaard, mwanafalsafa Mmarekani anayemfuata Kant, katika makala ya 1985, alipendekeza kwamba mgongano umo katika matendo: mdanganyifu anataka kunufaika na desturi ya kuaminiana, na papo hapo anataka sheria inayoifuta. Utetezi huu unafaa sana kwa mtu anayekopa kwa ahadi ya uongo, kwa sababu asipoaminiwa hapati kitu. Kwa amana ya marehemu unalegea kidogo, maana fedha zimeshaingia mkononi na anayezikana hahitaji tena kuaminiwa na mtu. Hapo mfuasi wa Kant analazimika kurudi kwenye kile alichokiita tukio la akili: ufahamu kwamba ninawajibika, ufahamu usiotokana na ushahidi mwingine wowote.

Ufahamu huo ndio uliomshika mwanafalsafa Johann Gottlieb Fichte, mfuasi wa Kant, alipoanza kufundisha Jena mwaka 1794. Henrik Steffens, aliyehudhuria mihadhara yake, amesimulia jinsi alivyowaambia wanafunzi waufikiri ukuta, kisha wamfikiri yule aliyeufikiri ukuta. Jaribu mwenyewe. Kila ukimgeukia anayefikiri, umeshamfanya kitu kinachofikiriwa, na anayefikiri yuko nyuma yake tena. Fichte alihitimisha kwamba nafsi ni tendo, haiwezi kuwa kitu miongoni mwa vitu. Lakini mwaka 1796 alikiri jambo kubwa: siwezi kujitambua kuwa huru mpaka mwingine aliye huru aniite nitende. Miaka miwili baadaye akamwelezea Mungu kuwa ni mpango wa kimaadili wa ulimwengu, akashtakiwa kwa ukanamungu, na mwaka 1799 akapoteza nafasi yake chuoni.

Ikiwa hata nafsi inamhitaji mwingine, ni nini basi kisichohitaji kingine? Hapo ndipo linapoingia suala la Mutlaki, yaani kile kisichotegemea wala kuwekewa mpaka na kingine. (Msomaji anayejua maji mutlaki ya mafakihi, yale yasiyofungwa na sifa ya ziada, ana mwanzo mzuri.) Schelling, mwaka 1801, alikiweka pale ambapo nafsi na kitu havijatengana. Hegel akajibu kwamba Mutlaki wa namna hiyo, ambamo tofauti zote zimezama, ni usiku ambamo ng'ombe wote ni weusi. Kwake Mutlaki ni tokeo: hujulikana mwisho wa njia, baada ya migongano kupitiwa mmoja mmoja.

Mfano wake bora kabisa unatokea mwishoni mwa sura ya roho katika kitabu cha 1807. Mmoja ametenda kwa dhamiri yake, na tendo lake, kama kila tendo, lina doa la ubinafsi. Mwingine anamhukumu huku mikono yake ikiwa safi kwa sababu hajatenda kitu. Mtendaji anakiri. Mwenye kuhukumu anakaa kimya, moyo mgumu, hadi naye anavunjika na kusamehe. Katika "ndiyo" hiyo ya upatanisho, Hegel anasema, Mungu anaonekana kati yao. Sijui ukurasa mwingine wa falsafa hii unaomleta Mutlaki karibu na watu kiasi hicho.

Lakini ukurasa huo unahitaji watu wawili walio hai, mmoja akiri na mwingine amjibu. Mwenye amana amekufa, warithi hawajui lolote, na mahakama haina hati. Hegel atasema kwamba umiliki na urithi bado vinasimama hata pasipo shahidi, na ni kweli; ila usiku ule, fedha zikiwa mezani, hakuna wa kuvisema kwa sauti isipokuwa yule anayezihesabu.