Botswana: Serikali Tajiri, Uchumi Mwembamba

Kila mjadala wa mikataba ya madini unapopamba moto hapa Tanzania, hakosekani mtu wa kuitaja Botswana. Husemwa kwamba wenzetu hao walipata uhuru wakiwa mafukara, wakachimba almasi, wakazisimamia vizuri, na leo pato la wastani la kila mtu kwao ni takriban dola 7,000 kwa mwaka, ilhali letu linazungukia dola 1,200. Namba hizo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na hukumu inayotolewa juu yake, kwamba Botswana ilijenga uchumi imara na sisi tukashindwa. Kwa jinsi ninavyozisoma takwimu na historia ya nchi ile, kilichojengwa Botswana ni serikali nzuri kuliko nyingi za bara hili, na serikali nzuri si lazima izae uchumi imara. Tofauti hiyo imeanza kuonekana waziwazi miaka hii miwili mitatu.

Tuanze na ukubwa, kwa kuwa wengi hawauzingatii. Botswana ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 582,000, karibu asilimia 60 ya eneo la Tanzania, lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,359,609 tu. Mwaka huohuo sensa yetu ilihesabu watu milioni 61.7, na mkoa wa Dar es Salaam peke yake ukawa na milioni 5.38. Nchi nzima ya Botswana, basi, haifikii hata nusu ya wakazi wa Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni mchanga wa Kalahari, na ukiacha Maun na vijiji vya bonde la Okavango, watu wengi wamejipanga upande wa mashariki, kandokando ya reli iliyofika Bulawayo mwaka 1897 ikitokea Afrika Kusini.

Kuwahesabu watu hao hakujawahi kuwa kazi nyepesi. Kwa desturi familia ya Kitswana ilikuwa na makazi matatu: nyumba kijijini, karibu na kgotla ambako mtemi huketi na watu wake kuamua mashauri, kibanda cha mashambani, kinachohamiwa mvua zikianza, na moraka, yaani kambi ya ng'ombe, ambayo huenda ikawa mwendo wa siku nzima au zaidi kutoka kijijini. Karani wa sensa akipiga hodi katika boma la Serowe, mama anaweza kuwa yuko shambani, kijana yuko kwenye kambi ya ng'ombe, na baba, kwa miaka mingi ya karne iliyopita, yuko chini ya ardhi katika migodi ya dhahabu ya Johannesburg. Hata hivyo sensa zao zimefuatana kwa utaratibu wa kupendeza: watu 574,000 hivi mwaka 1971, 941,000 mwaka 1981, milioni 1.33 mwaka 1991, milioni 1.68 mwaka 2001 na milioni 2.02 mwaka 2011. Ukitazama mfululizo huo utaona kasi ikipungua baada ya mwaka 1991. Uzazi ulikuwa umeshuka, lakini kulikuwa na sababu nyingine ya kutisha zaidi, nami nitaifikia.

Uingereza iliitangaza nchi hiyo kuwa himaya yake mwaka 1885 kwa jina la Bechuanaland, na lengo kuu lilikuwa kulinda njia ya kwenda kaskazini, isizibwe na Wajerumani wa upande wa magharibi au na Makaburu wa upande wa mashariki. Mwaka 1895 watemi watatu, Khama III, Sebele I na Bathoen I, walifunga safari hadi London kupinga nchi yao isikabidhiwe kampuni ya Cecil Rhodes, bepari wa Kiingereza aliyekuwa akitawala Rasi ya Afrika Kusini. Walisaidiwa na hoja zao, wakasaidiwa pia na makanisa ya Uingereza, na punde baadaye wakasaidiwa na upumbavu wa Rhodes mwenyewe, kwani uvamizi ulioongozwa na mtu wake, Jameson, dhidi ya Transvaal, jamhuri ya Makaburu, mwishoni mwa mwaka huo ulimharibia jina. Himaya ikabaki himaya. Waingereza, kwa kuwa walichotaka ni njia tu, waliitawala nchi kwa kuitupa. Makao makuu ya utawala yalikuwa Mafeking, mji ulio ndani ya Afrika Kusini, kwa hiyo kwa miongo kadhaa Bechuanaland ilikuwa na mji mkuu ulio nje ya mipaka yake. Gaborone ilianza kujengwa mwaka 1964, miaka miwili tu kabla ya bendera kupandishwa.

Hali ya siku ya uhuru, tarehe 30 Septemba 1966, inajulikana: barabara ya lami ya kilomita 12 hivi, wahitimu wa chuo kikuu 22, na bajeti iliyotegemea ruzuku ya Uingereza kwa takriban nusu. Ukame wa miaka ile ulikuwa umeua kama theluthi ya ng'ombe, na ng'ombe ndio waliokuwa uchumi wenyewe. Rais wa kwanza, Seretse Khama, alikuwa mrithi wa utemi wa Wangwato ambaye Waingereza walimweka uhamishoni hadi mwaka 1956 kwa kosa la kumwoa Mwingereza, Ruth Williams, mwaka 1948, ndoa iliyowakera watawala wa Afrika Kusini waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza ubaguzi wao. Ili aruhusiwe kurudi nyumbani alilazimika kuukana utemi. Naitaja habari hii kwa sababu ndiyo inayofanya jambo la mwaka 1967 lieleweke.

Mwaka huo almasi ziligunduliwa Orapa, na mwaka huohuo serikali ikapitisha sheria iliyoziweka haki za madini mikononi mwa taifa, badala ya makabila. Orapa iko katika ardhi ya Wangwato, watu wa Seretse mwenyewe. Kama angetaka kuwapendelea, sheria ya zamani ilikuwa upande wake. Chama chake kilikuwa kimeahidi hatua hiyo kabla utajiri haujaonekana, na ahadi hiyo ikatimizwa pale ilipoanza kuwa na gharama. Katika historia yote ya nchi ile sioni uamuzi uliokuwa na matokeo makubwa kuliko huu. Nchi ngapi za Afrika zimeingia vitani kwa sababu mkoa wenye madini haukutaka kugawana na mingine?

Mapatano na De Beers, kampuni kubwa ya almasi, nayo yalikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1969 serikali ilipata hisa asilimia 15 katika kampuni ya uchimbaji, na kufikia mwaka 1975 ilikuwa imedai na kupata asilimia 50. Mgodi wa Orapa ulifunguliwa mwaka 1971 na wa Jwaneng mwaka 1982. Ukijumlisha gawio, kodi na mrabaha, takriban asilimia 80 ya faida ya kampuni hiyo, inayoitwa Debswana siku hizi, huishia serikalini. Kwa miaka zaidi ya 30 tangu uhuru, uchumi ulikua kwa wastani wa karibu asilimia 9 kila mwaka, kasi ambayo nchi chache sana duniani zimewahi kuifikia. Mwaka 1994 Botswana ikawa nchi ya kwanza kutoka katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo.

Hapa ndipo Watanzania huuliza: na Mwadui je? Swali ni zuri, lakini jibu lake liko chini ya ardhi kabla halijafika bungeni. Bomba la miamba ya almasi la Mwadui, kule Shinyanga, lina ukubwa wa takriban hekta 146 usoni mwa ardhi, ilhali la Orapa lina hekta 118. Sisi ndio wenye bomba kubwa zaidi. Lakini katika tani 100 za mwamba wa Mwadui unapata karati kama 6, na katika tani 100 za Jwaneng, kwa miaka mingi, umepata zaidi ya karati 100. Hata usimamizi wa malaika usingeigeuza Mwadui kuwa Jwaneng. (Mwadui imetoa mawe mazuri, ikiwemo almasi ya waridi ambayo mwenye mgodi, John Williamson, alimzawadia Princess Elizabeth kwa ajili ya harusi yake ya mwaka 1947, lakini jiwe la arusi halijengi barabara.) Sisemi haya ili kuwatetea waliosaini mikataba mibovu. Nasema kwamba kugawanya mapato ya mgodi wa almasi tajiri kuliko yote duniani kwa watu wasiofika milioni mbili na nusu kunaleta wastani mkubwa bila muujiza wowote, na muujiza wa kweli ni kwamba fedha hizo hazikuibwa.

Zilikwenda kwenye shule, barabara, maji na hospitali, na hapo ndipo nchi ilipopata kinga yake ilipofikiwa na janga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Botswana ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathiriwa vibaya zaidi na UKIMWI duniani. Makadirio mengi yanaonyesha kwamba wastani wa umri wa kuishi, uliokuwa umevuka miaka 60, ulishuka hadi karibu na 50. Mwaka 2002, chini ya Rais Festus Mogae, serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, ikiwa ya kwanza barani Afrika kuzitoa kwa taifa zima. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitambua rasmi kwa hatua kubwa ya kukomesha maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, nchi ya kwanza yenye maambukizi mengi kufika hapo. Bila fedha za Jwaneng na bila watumishi wa umma wenye nidhamu, sidhani kama hilo lingewezekana.

Na uchumi wenyewe? Orapa ni mji uliozungushiwa uzio, na mgeni haingii bila kibali cha kampuni. Naiona hali hiyo kuwa kielelezo cha mfumo mzima. Debswana huajiri maelfu machache tu ya watu, kwa kuwa mgodi wa kisasa wa almasi unahitaji mashine kuliko mikono. Fedha hutoka mgodini, huingia Hazina, kisha humfikia mwananchi kama mshahara wa serikali, kama huduma, au kama ujira mdogo wa mradi wa Ipelegeng, ambao huwapa wasio na kazi vibarua vya kufyeka na kusafisha. Asiyefikiwa na mkondo huo hana pa kushika. Ndiyo maana nchi yenye pato la dola 7,000 ina ukosefu wa ajira unaozidi robo ya nguvu kazi, na kipimo cha Gini cha 53, ambacho kinaiweka miongoni mwa nchi zenye tofauti kubwa zaidi za kipato duniani.

Kuna watu ambao hata vipimo hivyo haviwaonyeshi. Wasani, ambao Botswana huwaita Basarwa, waliondolewa katika Hifadhi ya Kalahari ya Kati kuanzia mwaka 1997, wakaenda mahakamani, na mwezi Desemba mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba waliondolewa kinyume cha sheria. Sensa ya Botswana, kama yetu, haiulizi kabila. Naiunga mkono busara ya utaratibu huo, lakini bei yake ni kwamba umaskini wa kundi moja unayeyuka ndani ya wastani wa wilaya, na mahakama ndiyo inayobaki kuusema.

Kisha bei ya almasi ikaanguka. Almasi za maabara, ambazo kwa macho ya kawaida hazitofautiani na za kuchimbwa, zimelivamia soko, na wanunuzi wa China na Marekani wamepunguza kununua. Uzalishaji wa Debswana ulishuka kutoka karati milioni 24 na ushei mwaka 2023 hadi karibu milioni 18 mwaka 2024, na mwaka huo uchumi wote ukasinyaa kwa takriban asilimia 3. Tarehe 30 Oktoba 2024 wapiga kura wakakiondoa chama kilichotawala tangu uhuru, kikabaki na viti 4 kati ya 61 vya majimbo, na Duma Boko akaapishwa kuwa rais bila risasi hata moja kupigwa. Hata siku 300 hazikutimia kabla Boko hajatangaza, Agosti 2025, hali ya dharura ya afya ya umma kwa sababu hospitali zimeishiwa dawa na vifaa tiba. Hii ndiyo nchi iliyoanza kugawa dawa za UKIMWI bure kabla ya wengine wote. Madaktari ni walewale na sheria ni zilezile. Kilichopungua ni fedha za mgodi, na hakukuwa na chanzo kingine chenye upana wa kuziba pengo hilo.

Sasa serikali ya Gaborone inataka kuongeza hisa zake katika De Beers yenyewe, ambako kwa miaka mingi imekuwa na asilimia 15, kwa kuwa kampuni ya Anglo American, yenye hisa nyingi, inauza zake. Naelewa mvuto wa kumiliki kampuni iliyokuwa ikikupangia bei. Lakini mkataba mpya uliosainiwa Februari 2025 tayari unaipa kampuni ya serikali ya kuuza almasi asilimia 30 ya uzalishaji, na sehemu hiyo itapanda hadi 40 baada ya miaka mitano, huku leseni za migodi zikisogezwa hadi mwaka 2054. Botswana imeshajifunga vya kutosha na jiwe hilo. Kama ningekuwa na kura katika bunge lao, fedha za kununulia hisa za muuzaji ambaye soko linamkimbia ningezipeleka kwenye umeme wa jua, ambao nchi ile ina anga lake mwaka mzima, na kwenye viwanda vya nyama na ngozi vya Lobatse na Francistown, ambako mikono bado inahitajika.