Sikusema Kwamba Mgeni Rasmi Amemeng'enywa

Kwa kuwa rafiki yangu ninayeketi naye dawati moja amekwisha kuieneza habari hii kuanzia kidato cha kwanza hadi kwa mama anayetuuzia mihogo nje ya geti, na kwa kuwa katika masimulizi yake mimi nilimtamkia mgeni rasmi kwamba atatoka kwa njia ya haja kubwa, nimeona niandike mwenyewe yaliyotokea juzi Jumatatu kabla hayajazidi kukua. Maneno hayo sikuyatamka mimi. Mimi nilikomea kwenye "kupitia". Mtaona.

Sisi wa kidato cha pili tunakabiliwa na upimaji wa kitaifa mwisho wa mwaka, na kila mwalimu anaamini kwa moyo mweupe kwamba somo lake ndilo pekee tulilo nalo. Ijumaa iliyopita tulirudi nyumbani na maswali 20 ya logarithimu, mpangilio wa elektroni wa elementi 20 za kwanza, insha ya Historia kuhusu kuhama kwa Wangoni kutoka kusini mwa Afrika, maelezo ya Biolojia kuhusu safari ya tonge la ugali kutoka mdomoni hadi mwisho wake, na risala ya Kiswahili ya kumsomea Mkuu wa Wilaya aliyezuru kata yetu, ambaye kwa kweli hajawahi kuzuru.

Jumamosi niliitumia kutengeneza ratiba ya kuzimaliza kazi hizo. Niliipiga mistari kwa rula, nikaipaka rangi tatu na kuibandika ukutani kwa uji wa sembe, na ilipokauka nikagundua kwamba saa zote zilizoandikwa kwenye safu ya kwanza zilikuwa zimekwisha kupita. (Mnaopenda kupanga ratiba mnanielewa: kazi ikishapangwa vizuri, mwili hupata raha ileile ya kazi iliyokwisha kufanywa.) Jumapili kulikuwa na ibada, ndoo za maji, sare ya kufua, na shangazi aliyekuja kusalimia kwa dakika tano akaondoka magharibi. Saa tatu usiku, nilipofungua daftari la kwanza, umeme ukakatika.

Hapa ni lazima nieleze tabia yangu moja, maana ndiyo iliyoniponza. Biolojia hufundishwa kwa Kiingereza, na mimi jambo lisipopitia kwanza kwenye Kiswahili haliniingii kichwani. Kwa hiyo huandika rasimu kwa Kiswahili kwenye karatasi za pembeni, ndipo nikahamishia kwenye daftari. Usiku huo niliandika rasimu mbili, moja ya tonge na moja ya risala, kila moja ikiwa na karatasi mbili zisizo na namba, kwa mwanga wa simu ya mama iliyokuwa na chaji asilimia nane. Simu ilizimika saa saba usiku, nikazikusanya karatasi kwa kupapasa, nikachomeka mbili katika daftari la Biolojia na mbili katika daftari la Kiswahili, nikalala nikiwa na amani ambayo sijaipata tena tangu siku hiyo.

Kipindi cha Kiswahili kilikuwa cha tatu. Nyuma ya darasa alikuwa ameketi mthibiti ubora wa shule, mzee mtulivu mwenye tumbo la heshima, aliyekuja kuangalia ufundishaji. Mwalimu wetu, ambaye siku zote husema kwamba risala haisomwi kwa hewa, alimwomba kwa unyenyekevu mzee huyo asogee mbele awe mgeni rasmi wetu. Meza ikawekwa, kitenge kikatandikwa, chupa ya maji ikaletwa kutoka ofisini. Kisha mwalimu akauliza nani ataanza, na mkono uliopanda kwanza ulikuwa wangu. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Karatasi ya kwanza niliisoma kwa sauti ambayo hata mimi niliipenda. "Shikamoo Mheshimiwa mgeni rasmi. Sisi wananchi wa kata hii tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu. Tunaamini kwamba safari yako ilikuwa njema, na kwamba mara tu ulipoingia ulipokelewa na," nikageuza karatasi kwa madaha, "meno, ambayo kazi yake ni kukata, kurarua na kusaga."

Darasa lilikuwa kimya. Mwalimu alikuwa amefumba macho akitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikadhani ni macho yangu tu yamechoka, nikaendelea. "Wakati huohuo mate humiminika kutoka katika jozi tatu za tezi. Hatua inayofuata ni kumezwa."

Kwenye "kumezwa" ndipo nilipojua. Mngeniuliza kwa nini sikunyamaza, lakini mwalimu alikuwa ametuonya kwamba msomaji wa risala hasiti, harudi nyuma, wala haombi radhi katikati. Tena, kila mstari niliokuwa naumaliza nilitumaini kwamba unaofuata utakuwa wa risala. Isitoshe, nalilaumu kwa dhati umbo la HU la mazoea, ambalo sote tumefundishwa kwamba halina nafsi wala ngeli. Ningeandika "linasukumwa" kila mtu angejua kwamba ni tonge. Niliandika "husukumwa", na HU haimbagui mtu na ugali.

"Hushuka taratibu kupitia umio," nilisoma, na mgeni rasmi akaishusha chupa ya maji bila kunywa, "kwa kusukumwa na misuli, na hushuka hata kama kichwa kiko chini na miguu iko juu." Mwalimu akafumbua macho. "Tumboni hukorogwa kwa saa mbili hadi nne ndani ya asidi ya haidrokloriki." Mzee akauweka mkono wake juu ya tumbo, polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda kama ya mtoto wa kwaya, lakini mdomo ulikuwa umeshika njia yake. "Katika utumbo mwembamba, chenye faida hufyonzwa na kisicho na faida huendelea na safari. Utumbo mpana humalizia kufyonza maji. Mwisho kabisa hutolewa nje ya mwili kupitia..."

Hapo nilinyamaza. Nataka liandikwe popote linapoweza kuandikwa kwamba hapo nilinyamaza kwa hiari yangu, kwa kumheshimu mzee wa watu. Sasa ninyi mliosoma shule zetu mnajua kwamba tangu darasa la kwanza mwalimu huacha neno la mwisho likining'inia na sisi hulimalizia kwa pamoja. Wanafunzi 52, ambao wote walikuwa wamefanya kazi ileile ya Biolojia, walilisikia lile pengo, na mazoea ya miaka tisa yakawashika. "Njia ya haja kubwa!" walijibu kwa sauti moja, na aliyepaza kuliko wote ni huyo rafiki yangu anayezunguka sasa kunisingizia.

Mgeni rasmi alisimama, akarekebisha koti, akasema, "Risala nimeipokea. Nitaifanyia kazi kwa muda wa saa mbili hadi nne." Kisha akaketi na kuinamia meza, mabega yakimtikisika, na sikujua kama alikuwa anacheka au anakohoa.

Yaliyofuata ni mafupi. Darasa lilivunjika mbavu, mwalimu akaniambia niketi, nikaketi kwenye dawati ambalo si langu. Monita alikuwa amekwisha kukusanya madaftari ya Biolojia tangu paredi, na mwalimu wa Biolojia alisoma, kwa Kiswahili, kwamba tonge linapoingia mdomoni hupokelewa na wananchi kwa vigelegele, wakiongozwa na mwenyekiti wa mtaa na kikundi cha ngoma, na kwamba pamoja na mapokezi hayo linaombwa kuchangia matangi mawili ya maji. Alinipa alama 4 kati ya 20 na kuandika pembeni, "Matangi yafikishwe kwenye ini." Kwenye korido naitwa Mheshimiwa Tonge, hata na watu ambao hatujawahi kusalimiana.

Nimeamriwa kuziandika upya kazi zote mbili, kila ukurasa ukiwa na namba juu na chini, na kuzileta kesho. Wangoni bado sijawagusa. Tangu Ijumaa wamesimama palepale kusini mwa Afrika wakinisubiri. Ratiba mpya nimekwisha kuipiga mistari, imebaki rangi tu, lakini mama ananidai simu yake.