Mkwe Wetu Hana

MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandikia nota za muziki, haijui Kiswahili wala haijali. Unabofya nota ya kwanza, unabonyeza Ctrl+L, unaandika silabi. Ukipiga kistari unahamia nota inayofuata ndani ya neno lilelile. Ukipiga nafasi unaanza neno jipya. Silabi moja ikiimbwa kwa nota kadhaa, unaivuta kwa Shift na kistari. Programu ikikuta pumziko, inaliruka kimyakimya. Hapo ndipo katibu wa kwaya yetu, hapa Tabora, alipotuuzia mbuzi kwenye gunia.

Katibu alisikia kwamba M ya "mtu" ni silabi kamili. Kweli kabisa: m-tu, m-kwe, m-fa-no. Basi akatoka mbio na sheria hiyo, kila M na kila N akaipa nota yake. Wimbo wa harusi ulisema: "Ndugu, sogeeni mbele mumwone, mkwe wetu hana mfano." Silabi 11, kisha 9, mtunzi aliweka nota 20. Katibu akagawa n-du-gu, m-be-le, mu-m-wo-ne: zile 11 zikawa 14. Akanakili maneno yote na vistari vyake, akabandika kwa Ctrl+V, silabi moja kila mbonyezo, bila kuangalia nota. Nota 20 zikaishia kwenye "hana". "Mfano" likaruka mapumziko, likatua ng'ambo. Silabi tatu za mwisho wa wimbo zilipokosa nota, akazirundika zote kwenye nota ya kumalizia. (Besi tuliimba ile nota kama tunatema kokwa za embe.)

Mapumziko yenyewe ni vipimo 4 vya mapigo 4, kinanda peke yake. Kwa mapigo 60 kwa dakika, hizo ni sekunde 16. Mazoezini umeme ulikatika, kinanda kikalala, vipimo vile tukavipita juu kwa juu. Nani angeshtuka?

Siku ya harusi, upande wa bwana harusi walikuja kwa treni kutoka Kigoma, wamechoka na hawana utani. Tukafyatua sauti nne:

"Mkwe wetu hanaaa!"

Kinanda kikaanza mbwembwe zake. Baba mdogo wa bwana harusi akasimama.

"Hana nini?"

"Ng'ombe!" akadakia bibi mmoja kutoka nyuma.

"Mahari tumemaliza! Daftari ninalo hapa!" Akaanza kupekua koti. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameinua mikono, anahesabu vipimo, jasho linamtoka. Vikaisha. Tukaingia kwa nguvu zote:

"Mfano!"

"Mfano?" baba mdogo akafoka. "Mfano ni yule dume mwekundu mnayemla sasa hivi!"

Kurekebisha si kazi kubwa. Kwenye menyu ya Tools kuna amri ya kunakili maneno yote ya wimbo. Yabandike kwenye faili la maandishi, gawa upya, futa yale ya zamani kwenye nota, kisha bandika tena. Usisubiri ufike mwisho ndipo ukague. Simama kila kabla ya pumziko: silabi ya mwisho ya sentensi ikae kwenye nota ya mwisho. Isipokaa, kosa liko nyuma yako, tena karibu. N mbele ya D huungana nayo, ndu-gu. Lakini n-chi hutengana. M mbele ya W huungana, mwo-ne. Mbele ya B ni kusikiliza mdomo: mbe-le, ila m-bu-nge. Irabu mbili zikifuatana kila moja ina nota yake, so-ge-e-ni, na hapa katibu hakukosea hata mara moja, tumpe haki yake.

Baba mdogo alikubali yaishe kwa sharti moja: uongezwe ubeti wa pili unaotaja mahari. Ubeti wa pili ni rahisi: ukiwa kwenye silabi ya kwanza unabonyeza Enter, kishale kinashuka mstari wa chini. Mtunzi akaandika "Mkwe wetu katoa ng'ombe", nota 9 zilezile, na "ng'ombe" ana silabi mbili tu.

Karatasi zimetoka jana. N-g'o-m-be.