Ufunguo wa Keshia

Miezi michache iliyopita nilisimama kwenye kaunta ya duka la vyakula ninakonunua mahitaji yangu karibu kila wiki, na mashine ikasoma bei ya sabuni ya unga ikiwa juu kuliko ile niliyoiona rafuni. Nilijiandaa kubishana, lakini haikuwa lazima, kwa sababu keshia alinyanyuka mwenyewe, akaenda kukitazama kibandiko cha bei, akarudi na kuniambia kwa sauti ya chini: "Ni kweli usemavyo, kaka, ila mimi sina ufunguo." Akabonyeza kengele. Taa iliyo juu ya kaunta ikawaka na kuzima, msimamizi hakutokea, foleni ikarefuka, na mtu wa tatu nyuma yangu akaguna kwa namna iliyonifanya nijihisi kama mwizi wa muda wake. Zilipita dakika nane kabla ya msimamizi kufika. Hakuuliza lolote, alichomeka kwenye mashine ufunguo wa kusahihisha bei, akauzungusha, akabonyeza vitufe viwili na kuondoka.

Tunapozungumzia huduma kwa wateja tumezoea kumjadili mtu aliye mbele yetu: alitabasamu au alinuna, alisalimu au alituangalia kama tumemwamsha usingizini. Keshia yule alikuwa na adabu zote, aliniamini, na alihangaika kwa ajili yangu kuliko alivyolipwa kuhangaika. Hata hivyo niliondoka nikiwa nimeudhika, na nilipotafakari sababu niliona kwamba duka lilikuwa limemweka pale apokee lawama ambazo halikumpa uwezo wa kuziondoa. Tangu siku hiyo, kila ninapoingia dukani hutafuta kujua jambo moja tu, nalo ni nani mwenye ufunguo, na yuko umbali gani kutoka mahali ambapo tatizo hutokea.

Si kila zama duka lilikuwa hivi. Kabla ya tarehe 6 Septemba 1916, siku ambayo Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, desturi katika maduka ya vyakula ya Marekani ilikuwa mteja kusimama upande mmoja wa kaunta na kumtajia muuzaji anachotaka, naye muuzaji akakitoa, akakipima na kukifunga. Saunders aliweka bidhaa wazi rafuni, akaandika bei juu ya kila kitu, akampa mteja kikapu na kumwacha azunguke mwenyewe. Mwaka 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma City akaongeza toroli, na inasimuliwa kwamba wanunuzi waliona haya kulisukuma hadi alipolipa watu walisukume dukani kama wateja. Tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, Ohio, keshia akapitisha paketi ya ubani wa kutafuna juu ya kisomeo, nao ukawa mauzo ya kwanza ya dukani kwa msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine. Kila hatua ilishusha gharama, nami sina hamu ya kurudi kwenye kaunta ya kupimiwa. Lakini tazama kilichompata mfanyakazi katika safari hiyo. Muuzaji wa zamani alijua bei, na mara nyingi aliweza kuipunguza au kukukopesha kwa kukujua tu. Keshia wa leo husomewa bei na mashine, na akiona kwa macho yake kwamba mashine imekosea, bado mashine ndiyo inayoaminiwa.

Wenye maduka wana hoja yao, na si ya kubeza. Keshia anayeweza kufuta bidhaa kwenye risiti anaweza pia kumpitishia ndugu au rafiki mzigo ambao haukulipiwa, na wizi wa aina hiyo ni wa kale kama kaunta yenyewe. Ninachokataa ni dawa iliyochaguliwa. Mashine za leo huandika kila ufutaji, pamoja na saa, kaunta na jina la aliyeingia zamu, kwa hiyo duka linaweza kumruhusu keshia kusahihisha tofauti ndogo papo hapo na kukagua kumbukumbu mwisho wa siku. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi wa ngazi yoyote kutumia hadi dola 2,000 kumaliza tatizo la mgeni bila kuomba idhini. Duka la vyakula halina faida ya hoteli ya kifahari, nakubali, ila tofauti ya bei ya sabuni nayo si dola 2,000.

Mahali palipobadilisha fikra zangu zaidi ni bohari za kuuzia wanachama, yale maghala makubwa yenye sakafu ya zege ambamo bidhaa hupangwa juu ya mbao zilizosafirishiwa na hakuna anayekufuata kukuuliza kama unahitaji msaada. Kwa kipimo cha kawaida huduma yao ni duni: husindikizwi, mara nyingi hupewi mfuko, na ukitaka kimoja unauziwa kumi na viwili. Nilipomrudishia mhudumu wa bohari mojawapo feni iliyoacha kuzunguka baada ya wiki tatu, nilikuwa nimebeba risiti, boksi na maelezo niliyoyafanyia mazoezi njiani. Hakuhitaji hata kimoja. Alisoma kadi yangu ya uanachama, akaniuliza kama nataka fedha au feni nyingine, na kabla sijamaliza sentensi yangu ya kwanza tayari alikuwa amemaliza kazi. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Sababu ya ukarimu huo si wema wa moyo, na nadhani ni vyema tuielewe. Mfanyabiashara Sol Price alipofungua bohari ya Price Club mjini San Diego, Marekani, mwaka 1976, katika jengo lililokuwa la ndege, alijenga biashara ambayo mteja hulipia kwanza haki ya kuingia. Kampuni ya bohari ya Costco, iliyoanza Seattle mwaka 1983 na kuungana na Price Club mwaka 1993, imeuendeleza mpango huo: faida juu ya bidhaa huwekwa chini kwa makusudi, na ada za uanachama ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya faida ya kampuni. Katika hesabu za namna hiyo, meza ya kurudishia bidhaa ni mahali ambapo mwanachama huamua kimyakimya kama mwakani atalipa tena, na feni moja iliyoharibika ni gharama ndogo mno ya kumbakiza. Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana. Bohari kama hizo huuza takriban aina 4,000 za bidhaa, ilhali supamaketi ya kawaida hubeba makumi ya maelfu, na palipo na vibandiko vichache vya kubadilisha pana makosa machache ya bei, kwa hiyo mfanyakazi hukutana na mteja mwenye hasira mara chache zaidi na humhudumia akiwa na nguvu.

Nisiwasifu kupita kiasi. Mlangoni mwa bohari hizo hizo husimama mtu anayechukua risiti yako, anaitazama, anaitazama toroli, kisha anaipiga mstari kwa kalamu. Najua hukagua pia kama keshia amekutoza mara mbili, na kwamba mwanachama aliukubali ukaguzi huo alipojiunga. Bado ni jambo la ajabu kuaminiwa kwenye meza ya kurudishia feni bila swali, na hatua ishirini baadaye kukaguliwa kama mtu aliyeficha kitu chini ya koti.

Mashine za kujilipia zimelifanya suala la ufunguo liwe bayana kabisa. Nimetimiza kazi ya keshia bila mshahara, nimepitisha kila kitu, kisha mashine inasema kuna kitu kisichotarajiwa kwenye sehemu ya mfuko, taa inageuka nyekundu, na mhudumu mmoja anayesimamia mashine sita anakimbia huku na kule akigusisha kadi yake bila hata kutazama kilichotokea. Idhini inayotolewa bila kutazama hailindi chochote. Mwaka 2023 maduka ya Booths ya kaskazini mwa Uingereza yaliziondoa mashine hizo karibu katika matawi yote na kuacha katika mawili tu. Uholanzi, kampuni ya Jumbo ilianza mwaka 2019 kuweka kaunta maalumu ambayo mteja anaruhusiwa kulipa polepole huku akipiga soga na keshia, hasa kwa ajili ya wazee wanaoishi wapweke. Mfano huo unanivutia kwa sababu unampa keshia kitu ambacho maduka mengi humnyang'anya kwanza, yaani muda.

Tabasamu, kwa upande mwingine, linaweza kuagizwa kutoka makao makuu, na labda ndiyo maana hupendwa sana na mameneja. Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, iliingia Ujerumani mwaka 1997 ikiwa na desturi zake za kusalimu wateja kwa uchangamfu, na miongoni mwa mambo yaliyoripotiwa ni kwamba wanunuzi wengi waliuona uchangamfu huo kuwa kero; mwaka 2006 kampuni ikaondoka. Ilikuwa na matatizo makubwa zaidi ya hilo, yakiwemo ushindani wa bei na sheria za kazi, lakini kisa hicho hunijia kichwani kila ninaposalimiwa kwa sentensi ambayo dhahiri imekaririwa, na mtu ambaye baada ya dakika tano atalazimika kuniambia kwamba hana mamlaka.

Risiti ya ile sabuni ya unga ilikuwa na mwaliko wa kujaza dodoso kuhusu huduma niliyoipata, nami niliujibu nikiwa bado nimeudhika. Waliniuliza kama keshia alinisalimu, kama alikuwa nadhifu, na kama alinishukuru mwishoni. Nilijibu ndiyo kwa yote matatu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na swali lolote kuhusu msimamizi, kengele wala zile dakika nane, kwa hiyo nikaandika katika nafasi ya maoni kwamba wampe keshia ufunguo. Kesho yake nilipokea ujumbe wa kunishukuru na kunijulisha kwamba nimeingizwa kwenye droo ya zawadi.