Trekta la Miaka Ishirini: Jipya, Mtumba au Muundo wa Zamani?

Kibaigwa, mji mdogo wa wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, wenye soko kubwa la mahindi, mkulima aliyevuna vizuri misimu miwili mfululizo huanza kuulizwa na wenzake atanunua trekta lini. Swali ambalo huulizwa mara chache ni trekta gani litakuwa bado linalima baada ya miaka ishirini, wakati mkopo umeshalipwa, udhamini wa kiwanda umekwisha zamani na dereva wa kwanza ameshaenda zake. Wakulima wazoefu wamegawanyika juu ya jambo hili: wapo wanaoapa kwa Massey na Ford za zamani, na wapo wanaosema kununua chuma cha miaka ya 1970 ni kununua ugomvi na fundi.

Kongwa yenyewe ina historia inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa Mpango wa Karanga, wakaleta matrekta mengi ambayo yalikuwa mabaki ya vita, mengine yakitoka Ufilipino, pamoja na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta. Kwa nguvu, hakuna aliyeweza kuvidharau. Hata hivyo mashine zilichakaa upesi, udongo mkali wa Kongwa ukasaga majembe, na karakana, spea na mafundi havikutosha kwa mzigo ule. Hadi mpango unavunjwa mwaka 1951, mamilioni ya pauni yalikuwa yamepotea. Ukame na mipango mibovu vilichangia sana, lakini kwa mnunuzi wa leo hoja inabaki palepale: mashine imara iliyo mbali na spea yake haina tofauti na mashine dhaifu.

Hapo ndipo wapenzi wa matrekta ya zamani wanapopata nguvu. Massey Ferguson 135 iliyotoka miaka ya 1960 ikiwa na injini ya Perkins ya silinda tatu, pamoja na ndugu zake wakubwa 165 na 290, zina mfumo ambao fundi wa kijijini anaufahamu kwa vidole vyake: pampu ya dizeli ya kimakanika, nozeli zinazofunguliwa kwa spana za kawaida, wala hakuna kompyuta inayohitaji kuombwa ruhusa. Kiwanda cha Massey cha Coventry, Uingereza, kiliacha kuunda matrekta mwishoni mwa 2002, lakini muundo wake haukufa, kwa kuwa Millat ya Pakistan iliendelea kuunda matrekta ya familia hiyo, yakiwemo 375 na 385. Ndiyo maana pistoni, ringi na diski za klachi bado zinapatikana, ingawa mnunuzi anapaswa kuwa macho na spea bandia, ambazo boksi lake huwa zuri kuliko kilichomo ndani.

Udhaifu wa hoja hii hauko kwenye muundo, uko kwenye trekta moja moja linaloletwa mbele yako. Mtumba uliopakwa rangi mpya nyekundu hausemi umefanya kazi saa ngapi, na mita ya saa aghalabu imekufa au imebadilishwa. Kwa hiyo anza kwa kuweka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ya moto, muuzaji ameshaiwasha asubuhi ili usione inavyohangaika ikiwa baridi. Ikishawaka, tazama moshi: wa bluu usiokoma unaashiria kwamba oili inaungua, na mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto ni dalili ya hitilafu ya nozeli, mgandamizo hafifu au maji yanayoingia ndani. Chomoa kijiti cha oili, na ukikuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji, funga boneti uage kwa heshima. Inua plau kwa hidroliki na uiache juu injini ikinguruma. Mikono ya hidroliki ikitikisika kwa kupanda na kushuka, andaa fedha za kufungua mfumo huo. Mwisho, lala chini uangalie pale injini inapoungana na giaboksi. Matrekta mengi ya aina hii hayana chesisi kama lori, na maboksi hayo ya chuma ndiyo uti wa mgongo. Ukiona mshono wa kuchomelea mahali hapo, muuzaji ana habari ambayo hajakueleza.

Upande wa pili nao una haki yake, na mimi mwenyewe nilichelewa kuikubali. Msimu wa kulima Dodoma ni mfupi. Mvua huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, na trekta linalosimama juma moja wakati huo linapoteza fedha ambazo halitazirudisha mwezi Machi. Trekta jipya hupunguza hatari hiyo kwa miaka ya mwanzo, huja na udhamini, na ni rahisi zaidi kukubaliwa na mkopeshaji kama dhamana. Mengi yana fremu ya kumkinga dereva trekta linapopinduka, kitu ambacho mengi ya zamani hayana, na wenye matrekta hukitaja kidogo mno kwa kuwa anayekaa kwenye kiti si wao. Kwenye udongo mweusi wa mbuga unaonata, trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne huondoka pale ambapo la magurudumu mawili limezama hadi ekseli.

Lakini jipya si neno lenye maana moja. Yapo mapya yenye injini ya mfumo wa dizeli wa shinikizo kubwa, sensa na kompyuta, ambayo hayavumilii dizeli ya pipa iliyochanganyika na maji, na ambayo yakizima katikati ya shamba humsubiri mtu mwenye kompyuta mpakato kutoka mjini. Hata Marekani, ambako mawakala si haba, jambo hili limezua mgogoro: Januari 2025 tume ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara iliishitaki Deere, kampuni inayotengeneza matrekta ya John Deere, kwa madai kwamba inawabana wakulima wasiweze kujitengenezea mashine zao. Kama mkulima wa huko analalamika, wa Kongwa ajiulize atampigia nani simu.

Upya pia haumlindi mnunuzi dhidi ya hatima ya kampuni. Mwaka 2017 matrekta ya Ursus ya Poland yalianza kuunganishwa Kibaha, mkoani Pwani, kwa mkopo kutoka nchi hiyo, na mwaka 2021 kampuni mama ikatangazwa kuwa imefilisika. Sisemi hapa kama trekta lile lilikuwa zuri au baya. Nasema kwamba anayenunua mashine ya kukaa nayo miaka ishirini ananunua pia maisha ya aliyeitengeneza.

Hesabu ya saa inaweka mambo wazi zaidi. Trekta la nguvu farasi 75 lenye plau ya sahani tatu hulima takriban ekari moja kwa saa, zaidi au pungufu kutegemea udongo, hivyo kama mwenye mali ana ekari hamsini, humalizika ndani ya siku chache na kazi iliyobaki ni ya kukodisha. Tuseme linafanya saa 600 kwa mwaka: katika miaka ishirini ni saa 12,000, na katika safari hiyo injini itafunguliwa walau mara moja, iwe ya Pakistan au ya Marekani. Kinachobaki kuamuliwa ni itafunguliwa wapi, na nani, kwa spea za bei gani. Kwa mwenye ekari kumi na asiye na wateja wa kulimiwa, hesabu hiyo haifiki popote, akodi. Kampuni yenye ekari elfu na karakana yake inaweza kubeba teknolojia mpya bila wasiwasi.

Kwa aliye katikati ya hao wawili, chaguo langu ni trekta lililoundwa jana kwa muundo wa juzi: jipya, la injini ya kimakanika, la chapa ambayo tayari inalima jirani. Kabla ya kulipa, apite kwenye maduka ya spea yaliyo umbali wa safari ya basi ya siku moja, aulize diski ya klachi, pampu ya maji, nozeli na sili za hidroliki za modeli hiyo, na ajibiwe kwa bei, si kwa “tutakuagizia”. Mtumba nitaukubali pale tu ambapo mwenye nao anafahamika na fundi wake yupo tayari kuzungumza.

Na anunue Juni au Julai. Novemba kila mtu ana haraka na kila trekta linauzika, ilhali baada ya mavuno muuzaji ana subira, na kuna magunia ya kupakia kwenye tela ili mashine ijaribiwe kwa mzigo halisi, kutoka shambani hadi soko la Kibaigwa na kurudi.